Hatukupatana, Mimi na Ndeshi

Mchungaji alisema pale makaburini kwamba mimi na dada yangu Ndeshi tulipatana kabla hajafa, na watu wakaguna kwa kuridhika kama wanavyoguna kanisani. Ni uongo. Mchungaji ni kijana mzuri, hakukusudia kudanganya, ameambiwa hivyo na watu wanaopenda misiba iishe vizuri. Hatukupatana. Tulimzika mwezi uliopita makaburi ya mjini, kwa sababu ndivyo alivyoagiza kwa maandishi, na ukoo mzima ukanitazama kama mbwa aliyekula vifaranga, eti nimeacha damu yetu ikalale na watu wasiojulikana wakati kihamba cha baba, shamba letu la ukoo, kipo Mwika, kina migomba, kina kahawa, kina makaburi ya babu zetu niliyoyawekea vigae mimi mwenyewe. Sasa naongea mimi. Niliishia darasa la nne, lakini ninachokisema nakijua, na hao wenye kuandika vizuri hawakuwepo.

Habari za kuzaliwa kwangu na nani alinilea haziwahusu. Jueni tu kwamba mimi ni Eliaki, yule wa malori. Nilibeba mizigo ya wageni mlimani nikiwa na viatu vya kuazima, na leo nina malori, nina nyumba ya wageni Shirimatunda yenye vyumba vingi kuliko madarasa ya ile shule iliyonishinda, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Ndeshi alinitangulia kuzaliwa, akasoma, akawa nesi. Alipoachika alirudi Mwika na mabegi mawili, akaomba kipande cha kihamba ajenge. Nikamwambia mwanamke hapewi kihamba. Akachimba msingi hivyo hivyo. Asubuhi moja nikaja na lori la mchanga, nikalirudisha nyuma mpaka kwenye msingi wake, nikamwaga. Alisimama pale amefunga kitenge kifuani, anatazama mchanga unavyoingia. Akashuka mjini akapanga vyumba viwili mtaa wa Soweto, na kwa miaka tisa hatukupeana hata salamu. Sikujuta. Nasema ukweli, sikujuta hata siku moja, mpaka ule mwaka.

Mwaka wenyewe ni ule niliotimiza hamsini. Kila Jumamosi tulikuwa tunachinja mbuzi kwangu Mwika. Hakukuwa na sikukuu wala ubatizo, ni mimi tu nimeamua. Mtu aliyeanza mikono mitupu anachinja watu wakaona. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ipo, na kabla nyama haijaiva tunakunywa kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, ikiwa ya moto ya kukutoa jasho nyuma ya masikio. Miezi mingi choo changu kilikuwa cheusi kama lami. Wala sikushtuka, sababu niliijua: wiki nzima mtu unakunywa damu, unategemea nini kitoke? Nilimgusia baba mdogo Anaeli, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu, akacheka mpaka mbege ikammwagikia shatini. "Huyo ni mbuzi anaaga, Eliaki! Ungekuwa unakula mchicha ungetoa kijani." Tukacheka wote. Nikasikia kizunguzungu nikipanda ngazi za lori, nikasema ni uchovu wa kazi. Ndivyo tulivyo. Mtu wa sehemu nyingine akiona damu anakimbia hospitali. Sisi tulikuwa na maelezo ya damu tayari, yako kwenye sufuria.

Halafu tumbo likaanza kujaa. Mikono inakonda, mapaja yanakonda, pete inazunguka kidoleni, lakini tumbo linakwenda mbele. Watu wakanipongeza! Pale Shirimatunda kwenye baa iliyo mkabala na nyumba yangu ya wageni, jamaa wakawa wananiita waziri. "Bosi, kitambi sasa kimekaa." "Hela zimepata pa kulala." Nami nalipiga tumbo kwa kiganja kama ngoma, nawaambia wao wanakula ugali wa mawazo. Yalikuwa maji. Ndani mle mlikuwa mmejaa maji ya ugonjwa, na mimi nayatembeza mjini kama cheo. Hao walionipongeza, nawajua majina yote, na hakuna hata mmoja aliyekuja kunitazama nilipokuwa sina tena kitambi wala makalio.

Masika ya mwaka huo nikaziba. Siku tatu hakuna kinachotoka, wala upepo, na kila ninachokunywa kinarudi. Wakanishusha hospitali, wakanipasua siku hiyo hiyo. Nilipozinduka nina mshono kutoka chini ya kifua mpaka chini ya kitovu, na ubavuni nimebandikwa mfuko wa plastiki, ndani yake kuna kinyesi changu. Mimi. Nikauliza hiki nini, mke wangu Mama Gloria akaanza kulia, baba mdogo akasema ni vidonda vya tumbo, vimeondolewa, mfuko ni wa muda mfupi, nitarudi nyumbani nile mtori ninenepe. Nikafumba macho, wakadhani nimelala. Wakasogea nyuma ya pazia, na pazia la wodi siyo ukuta.

"Asiambiwe," ni sauti ya baba mdogo. "Ukimwambia mtu kama huyu, anakufa kesho."

"Daktari anasema lazima aanze dawa," mke wangu anasema, bado analia.

"Dawa gani? Si amesema mwenyewe imeenea? Tumpeleke nyumbani apumzike. Mwanaume afie kwake."

Nikalala pale nasikiliza watu wakinipangia kufa kama wanavyopanga harusi, nani apewe taarifa, nani asipewe. Nilitaka kuamka nimkabe yule mzee, lakini hata mkono wa kufukuza nzi sikuwa nao.

Kesho yake wakati wa kutazama wagonjwa akaingia Ndeshi. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amestaafu, lakini manesi wote wa pale walimpa shikamoo, na yule daktari kijana aliyenipasua akampisha njia. Hakunisalimia. Alichukua faili langu kitandani, akavaa miwani, akasoma akiwa amesimama, huku baba mdogo anakohoa na mke wangu anaangalia sakafu.

"Ameambiwa?" akauliza.

"Ndeshi mwanangu, hapa si mahali pake," baba mdogo akasema. "Njoo tuongee nje."

"Shikamoo, baba mdogo. Nje sina kazi." Akanigeukia. "Eliaki, una kansa. Imeanzia utumbo mpana. Ile iliyokuziba wameikata, lakini imemwaga mbegu kwenye utando unaozunguka matumbo. Daktari ameona vipunje vyeupe kila mahali, kama mtu amemwaga chenga za mchele. Hawa wanakudanganya."

Nikamwambia atoke. Nilisema kwa nguvu zangu zote, ambazo zilikuwa sawa na za kuku. "Toka! Umekuja kufurahi!"

"Sitoki," akasema, akavuta stuli akaketi. "Hapa si kihambani kwako."

Daktari akaja akaeleza vizuri, kwa vile siri ilishamwagika. Alisema kisu peke yake hakiwezi kuondoa vile vipunje kwa hali niliyokuwa nayo. Nikamwambia nina hela, anipeleke India, nimesikia huko wanachuna utando wote halafu wanaosha tumbo kwa dawa ya moto. Akasema ni kweli, upasuaji huo upo, lakini hauchukui kila mtu. "Mzee, ukienda hivi ulivyo watakurudisha, au watakufungua na kukufunga. Kwanza upate kemo hapa, dawa ya dripu, mizunguko minane. Vikinywea, na mwili ukikubali, ndipo tuongee habari za India." Nikamwuliza kama nitapona. Akasema hawezi kuniahidi. Nikamwambia fundi wangu wa malori hawezi kunijibu hivyo akabaki na kazi. Ndeshi akasema, "Basi mwite fundi wako akutibu."

Ndivyo nilivyohamia Soweto kwa Ndeshi. Mwika ni mbali na baridi yake ingenimaliza, na Mama Gloria, simlaumu sana, alikuwa akiuona mfuko wangu anatapika mlangoni. Alibaki kuangalia biashara. Nyumba yangu ya wageni haikufaa, nani atalala chumba cha pili na mwenye nyumba ananuka? Kwa hiyo mimi, mwenye vyumba vyote vile, nikalala kwenye chumba cha kupanga, kitanda cha chuma, pazia la kitenge katikati, upande wa pili analala mwanamke niliyemfukia msingi. Chumba cha mbele kilikuwa na makochi mawili yenye vitambaa alivyofuma mwenyewe, jiko la gesi la plati mbili, redio, na kabati la vyombo ambalo hakuniruhusu kulifungua. Kila kitu kilikuwa na mahali pake na mimi ndiye sikuwa na pangu. Asubuhi ananitengea beseni, sabuni, vitambaa, ananiambia nivue. Mfuko anaubandua taratibu, anaosha pale utumbo ulipochungulia, mwekundu kama mdomo wa mtoto, anakausha, anabandika mwingine. Mikono yake haikuwa na hasira. Hasira yote ilikuwa mdomoni.

"Jifunze mwenyewe. Mimi siyo mfanyakazi wako."

"Nitakulipa."

"Rudia hilo neno uone kama sitakuacha na mfuko umefunguka."

Kila baada ya wiki tatu tunakwenda kwenye dripu, nakaa kwenye kiti saa nyingi dawa inashuka, halafu wiki mbili nameza vidonge asubuhi na jioni. Wakati mwingine wanapima damu wanasema imeshuka, rudi wiki ijayo, na mimi nagombana na dirisha la maabara. Mdomo ukawa na ladha ya misumari. Viganja vikachubuka. Lakini kitu kilichonidhalilisha kuliko vyote ni baridi. Ile dawa inakufanya uogope baridi kama mtoto. Ukishika kijiko cha chuma, vidole vinapigwa shoti. Ukigusa maji ya bomba, shoti. Nimelala kwenye barafu ya mlima ule nikiwa kijana, na sasa kijiko kinanifanya nipige kelele! Ndeshi akaninunulia kijiko cha mbao na soksi za kuvaa mikononi, akanichemshia mpaka maji ya kunywa, akapika mtori wa ndizi mbichi akiuponda mpaka uwe laini kama uji, bila vipande vya nyama, bila chumvi ya maana. Nikamwambia hata mfungwa anapewa chumvi. Akasema mfungwa ana tarehe ya kutoka.

Dripu ya tatu ilipopita, mwezi wa saba, nikasema basi, mimi siyo maiti. Ndeshi alikwenda kanisani kwenye mkutano wa akina mama. Nikavaa koti, nikapigia dereva wangu simu, tukaenda Shirimatunda kwenye ile baa. Jamaa wakashangaa, wakashangilia, mmoja akasema nimekonda nimekuwa kama mwanamitindo. Nikaagiza bia, nikasema iwe baridi kabisa, itoke chini ya friji. Chupa nikaishika kwa soksi, wakacheka, nikacheka nao. Nikapiga funda kubwa. Koo likafunga. Hapo hapo! Kama mtu amenikaba kwa mikono miwili ya barafu, hewa haiingii, haitoki, nasikia tu viti vinaburutwa na mtu anasema amelishwa sumu, amelishwa sumu, na wote waliokuwa mezani wakasogea mbali ili wasihusishwe. Dereva ndiye aliyenibeba. Mpaka tunafika Soweto koo limeachia, nimekaa kwenye gari machozi yanatoka.

Ndeshi alitoka akanitazama dirishani. Dereva akaeleza. Akaanza kucheka. Alicheka akashika mlango wa gari, akacheka mpaka jirani akachungulia.

"Nilikwambia nini kuhusu baridi?"

"Unacheka mtu anakufa?"

"Hukufa. Ile dawa inafanya koo lidhani limefungwa. Ungetulia, ungekunywa maji ya moto, lingeachia. Lakini wewe na utulivu wapi na wapi." Akafungua mlango. "Shuka, waziri."

Sijui nani alimwambia hilo jina.

Habari ya baa ikapanda Mwika, na Jumapili baba mdogo akashuka na wazee wawili, amevaa koti la kanisani. Wakakaa kwenye yale makochi. Alisema wamefikiri kama ukoo, kwamba hizi dawa zinanimaliza, kwamba aibu imezidi, mtu mzima kuoshwa na dada yake kwenye chumba cha kupanga, na kwamba gari liko nje. Na mimi nilikuwa nimechoka. Nawaambia kweli, nilikuwa nimetapika tangu alfajiri na nilitaka kwenda. Nilitaka kuona migomba yangu, nilale kitandani kwangu, mambo yaishe. Nikaanza kutafuta viatu.

Ndeshi alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Nenda," akasema. "Kihamba unacho, hata kaburi utachagua mwenyewe lielekee wapi. Baba mdogo amekuja kukuchukua ukafe kwa heshima. Watachinja, watakunywa, watasema ulikuwa mtu mkubwa."

"Ndeshi, chunga ulimi," baba mdogo akasema.

"Ni nani kati yenu alimwambia damu ni ya mbuzi?"

Wale wazee wawili wakamtazama baba mdogo, na baba mdogo akatazama kofia yake. Sijawahi kuona uso wa yule mzee ukizeeka mbele ya macho yangu kama siku ile. Nikashika kiatu kimoja mkononi, nikamwuliza dada yangu kitu nilichokuwa nakiogopa tangu wodini. Nikamwuliza kwa nini ananiuguza.

"Nataka uishi uone haya," akasema. "Maiti haioni haya."

Nikaweka kiatu chini. Wazee wakaondoka na gari lao. Nilibaki kwa hasira, siwezi kusema ni kwa kitu kingine. Nilisema moyoni, kama huyu mwanamke anataka niishi kwa ubaya, mimi nitaishi kwa ubaya huo huo tuone nani atachoka. Dripu ya nne, ya tano, ya sita. Hatukuwahi kuongea vizuri hata siku moja. Tuligombania redio, tuligombania dirisha, aliniita mzigo, nilimwita askari magereza. Mfuko nilijifunza kubadili mwenyewe. Siku ya kwanza nilipofanya bila kumwaga, alikagua, akasema, "Umechelewa kujua, lakini umejua," na jioni ile kwenye mtori nikakuta chumvi.

Dripu ya nane ilikwisha, wakaniingiza kwenye mashine ya picha, na daktari akaniita na Ndeshi pamoja. Vipunje vimenywea. Maji hayapo. Havijaondoka, alisema, vimelala, lakini sasa India wametazama picha na wamekubali kunipokea baada ya Krismasi. Akaeleza pia kwamba ni upasuaji wa kutwa nzima, na wapo wanaoingia chumba kile wasitoke. Nikasaini. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na nilichokiogopa siyo kisu. Niliogopa kufa na lile lori la mchanga.

Desemba ile, watu wote wa ukoo wamepanda Mwika kwa Krismasi, mimi nilipanda nao, halafu nikateremka peke yangu. Nilikata jani la isale kihambani, pale pale mpakani alipochimba msingi wake. Msiokuwa Wachagga mjue: isale siyo ua la kupamba tu. Ukimkosea mtu, hata uwe umemwulia mtoto, ukaenda na lile jani ukamkabidhi mkononi, lazima akusamehe. Hana njia nyingine. Akikataa baada ya kulishika, laana inageuka kwake. Kwa hiyo nilijua nina uhakika, kama ninavyojua nikiwasha lori litanguruma. Niliingia Soweto nimevaa suti, jani nimelishika kwa mikono miwili, nikamkuta anaosha vyombo uani.

Aliliona kabla sijafungua mdomo. Akaitumbukiza mikono yake kwenye beseni la povu, mpaka viwiko.

"Usinipe," akasema.

"Dada, nimekuja kwa..."

"Nimeona ulichokuja nacho. Usinipe, Eliaki. Ukinishikisha itabidi nikusamehe, na mimi sitaki."

"Naenda kupasuliwa. Huenda nisirudi."

"Ndiyo maana sitaki. Nakujua. Nikikusamehe leo utalala kwenye meza yao umetulia, roho nyeupe, umemaliza mambo yote, utakwenda moja kwa moja. Nimeona wagonjwa wa namna hiyo miaka yote. Nenda hivyo hivyo. Asiyesamehewa ana kazi huku, atarudi kuifanya."

Ningeweza kumlazimisha. Bega lake lilikuwa wazi, ningeligusisha jani pale, ukoo wote ungesema limepokelewa. Maisha yangu yote nimepata vitu kwa njia hiyo, kusukuma mpaka kikubali. Nilisimama pale na suti yangu, na yeye amechuchumaa mikono majini, ananitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona dada yangu ananiogopa. Nikarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine. Nikaliweka lile jani kwenye kiti cha nyuma cha gari. Niliporudi alikuwa ameshatoa mikono, anaipangusa kwenye kitenge.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

"Ingia ule. Na vua hilo koti, unafanana na mtu wa kuuza majeneza."

Nilipanda ndege sijasamehewa. Walinichuna utando, wakaosha tumbo kwa ile dawa ya moto, na nilipozinduka, mipira puani na ubavuni, nesi wa Kihindi akaniuliza kitu kwa lugha yake. Sikuelewa. Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba nina kazi Soweto.